Daftari la Shule Lihifadhiwe hadi Lini?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imekaririwa madarasani mwetu kwa miaka na mikaka, na mwanafunzi yeyote wa shule ya upili aweza kuieleza bila ya kusitasita: mwenye mali na aandike, asije akalia baadaye. Walakini wahenga hao hawakutuachia jibu la swali la pili ambalo leo latukabili. Daftari lenyewe litunzwe kwa muda gani? Na pale ambapo mali iliyoandikwa humo ni habari za mtu, yaani jina lake, umri wake, maradhi yake, deni lake na kosa alilolitenda akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, ni nani aliye na haki ya kuendelea kulifungia kabatini?

Swali hili nawaelekezea hasa walimu na wanafunzi wa Kisii na Nyamira, ingawa kila aliye na kabati la faili linamhusu. Sehemu hii ya nchi ina watu wengi juu ya ardhi ndogo. Shamba ambalo babu alilirithi likiwa pana limegawiwa wana, kisha wajukuu, hata sasa mipaka ya migomba na majani chai yakaribia kugusana na kuta za nyumba. Kwa jamaa nyingi urithi uliosalia ni elimu, na ushahidi wa elimu ni karatasi. Ndiyo maana mzazi wa Ogembo au wa Nyansiongo huweza kukosa kabati la nguo, lakini hakosi mfuko wa nailoni uliofungwa vyema na kufichwa chini ya godoro, ambamo mna vyeti vya watoto wake.

Maoni yangu ni kwamba shule zetu nyingi zimeyapindua mambo haya. Karatasi ambazo humtetea mwenyewe tunaziacha zioze, ilhali zile ambazo zaweza kumdhuru tunazihifadhi bila ya kujiuliza sababu. Kipimo cha muda wa kuhifadhi hakipaswi kuwa ukubwa wa kabati wala uvivu wa karani. Kipimo ni nani analindwa na karatasi hiyo, na nani anahatarishwa nayo.

Tuanze na zile zioazo. Katika kila shule ya msingi mna kitabu kikubwa chenye jalada gumu, nacho ni rejista ya uandikishaji. Humo huandikwa jina la mtoto, siku aliyoingia shuleni, umri wake, jina la mzazi na kijiji atokako. Siku mtoto anapoandikishwa, kitabu hiki huonekana kuwa jambo dogo. Thamani yake hudhihirika baada ya miaka thelathini au arobaini, wakati mtu mzima anapotafuta cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, au jina lake katika kitambulisho linapotofautiana na lile la cheti cha mtihani kwa herufi moja tu, au mtumishi anapokaribia kustaafu na mwajiri wake akabisha kuhusu mwaka aliozaliwa. Hapo ndipo mzee wa watu hufunga safari kurudi katika shule aliyosomea, akapiga hodi kwa mwalimu mkuu ambaye wakati yeye anasoma alikuwa hajazaliwa.

Na mara ngapi huambiwa kwamba vitabu vya zamani vililiwa na mchwa, au viliroweshwa na mvua siku paa la stoo lilipong'olewa na upepo? Si ajabu katika masoko yetu kununua njugu zilizofungwa kwa karatasi ya mtihani, yenye jina la mtahiniwa na alama alizopata. Karatasi hiyo ilitoka mahali fulani. Kuna mtu aliyeiuza kwa kilo bila ya kuuliza kama wakati wake wa kuharibiwa ulikuwa umewadia, na kama hiyo ndiyo njia ya kuiharibu.

Anayedhani kwamba kumbukumbu za zamani za masomo hazina kazi, na akumbuke tangazo la Tume ya Utumishi wa Umma la Februari 2024. Ukaguzi ulioongozwa na tume hiyo uligundua watumishi 2,067 waliokuwa wameajiriwa au kupandishwa vyeo kwa vyeti vya kughushi. Mghushi hunaswa vipi? Hunaswa kwa sababu mahali fulani kuna orodha ya asili isiyoweza kubishiwa. Baraza la Mitihani, ambalo lilianzishwa mnamo 1980, lina wajibu wa kuweza kujibu maswali kuhusu mtahiniwa wa miaka mingi iliyopita. Mtihani wa KCPE ulianza 1985 na ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023, lakini waliouketia wataendelea kuulizwa matokeo yake hadi wastaafu. Kufa kwa mtihani hakufuti haja ya rejista yake.

Basi hapo, msomaji mpenzi, waweza kuhitimisha haraka kwamba dawa ni kuhifadhi kila kitu milele. La hasha. Historia ya Kisii yenyewe yatuonya.

Mnamo Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, wazee kumi na mmoja, wanawake wanane na wanaume watatu, waliuawa na makundi ya watu waliowashuku kuwa wachawi, na nyumba zikateketezwa. Polisi walisema kwamba wengi wao walikuwa wamepita umri wa miaka themanini. Taarifa za wakati huo zilieleza kwamba wanakijiji walidai kuwa daftari lilikuwa limepatikana katika shule ya msingi, nalo eti lilikuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi pamoja na majina ya watu waliokusudiwa kurogwa. Daftari la kawaida la mwanafunzi! Hakuna aliyethibitisha limeandikwa na nani. Halikuwa na sahihi wala muhuri. Hata hivyo, kwa kuwa lilikuwa maandishi, na lilikuwa na majina, lilipewa uzito ambao uvumi wa mdomo usingelipata. Miaka kumi na mitatu baadaye, mnamo Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma kama hizo huko Marani.

Nayataja maafa haya kwa huzuni. Sitaki kuwatia doa Abagusii, kwani wapo wengi miongoni mwao waliojitokeza kuyakemea mauaji hayo. Nayataja kwa sababu yafundisha jambo ambalo hakuna kitabu cha sheria kiwezacho kulifundisha vizuri zaidi: orodha ya majina si kitu baridi. Jina likishaandikwa pamoja na sifa inayochukiwa, wino huo huweza kumfuata mwenyewe hadi mlangoni mwake.

Mfano wa pili uliwagusa walimu moja kwa moja. Mnamo Februari 2015, agizo lilitoka kwa Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, kwamba makamishna wa kaunti zote washirikiane na wakurugenzi wa elimu na wa afya kukusanya habari za watoto wa shule walioishi na virusi vya UKIMWI. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, yaani kupanga huduma za matibabu. Lakini hebu fikiri: orodha inayomtaja mtoto kwa jina, shule yake na hali yake ya afya ikae katika ofisi ngapi, isomwe na macho ya nani, na kwa miaka mingapi? Mtoto wa miaka minane akifika umri wa kuoa au kuolewa, je, karatasi hiyo ingali katika droo ya mtu? Mashirika ya kutetea haki yalikwenda mahakamani, na mnamo Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Mahakama iliamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yatiwe alama za siri katika muda wa siku 45, ili jina la mtoto lisiweze kuunganishwa na hali yake ya afya.

Hukumu hiyo ilisimama juu ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 31 chalinda faragha ya kila mtu. Baadaye, Novemba 2019, ilipatikana Sheria ya Ulinzi wa Data. Kifungu cha 39 cha sheria hiyo chajibu swali letu kwa maneno machache: habari za kibinafsi zihifadhiwe kwa muda ule tu ambao ni wa lazima kwa kusudi lililofanya zikusanywe. Kusudi likiisha, zifutwe, au ziondolewe alama zote za kumtambulisha mwenyewe. Zipo hali za kuongeza muda: sheria nyingine ikitaka hivyo, mwenyewe akikubali, au habari zikihitajika kwa historia, takwimu na utafiti. Kanuni za 2021 zikaongeza kwamba mwenye kushika habari za watu awe na ratiba inayoonyesha kila aina ya kumbukumbu itakaa kwa muda gani.

Angalieni busara ya kifungu hicho. Hakikutaja idadi moja ya miaka kwa kila karatasi, kwa kuwa umri wa karatasi hutokana na kazi yake. Picha ya mtoto iliyopigwa siku ya michezo na rejista ya kuingia shuleni haziwezi kuwa na umri mmoja, japo zote zilitoka katika ofisi moja.

Wala sheria hii si ya kupamba kabati. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru kampuni ya Worldcoin ifute habari za mboni za macho ilizokuwa imekusanya kwa Wakenya. Ikiwa kampuni yenye mitambo ya kimataifa yaweza kuamrishwa kufuta, seuze shule ya kutwa iliyo na simu moja ya mwalimu wa zamu, ambamo mna picha za watoto wa miaka mitano iliyopita?

Hata hivyo, kuna hoja moja nzito dhidi ya kufuta, nayo haifai kupuuzwa. Mwenye hatia naye hupenda kufuta. Moto ni rafiki wa mhasibu aliyekula karo, na mchwa husingiziwa mengi.

Taifa letu lina ushahidi wa hatari hii. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kuondoka Kenya, walichoma baadhi ya majalada ya serikali ya kikoloni na mengine wakayasafirisha kwao kwa siri. Ilikuwa hadi 2011, wakati wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za enzi ya Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London, ndipo ikakiriwa kwamba majalada ya makoloni 37 ya zamani yalikuwa yamefichwa huko Hanslope Park, yakiwemo ya Kenya. Mnamo Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wahanga 5,228. Je, wazee hao wangelipata haki kama kila jalada lingalikuwa majivu? Karatasi zilezile ambazo mtesaji alitaka zipotee zilimsaidia aliyeteswa.

Na kwa historia ya Gusii hasara ya kutoandika yajulikana vyema. Mwanafunzi anayetaka kusoma habari za misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908, au za Otenyo aliyemchoma mkuki afisa Northcote mnamo Januari 1908, hujikuta akitegemea zaidi maandishi ya wale waliokuja kushinda. Upande wa walioshindwa ulibaki vinywani mwa wazee, na wazee hufa. Ni heri kwamba watafiti kama William Ochieng', aliyechapisha kitabu chake juu ya historia ya Abagusii kabla ya ukoloni mnamo 1974, waliwahi kuwasikiliza wazee hao na kuyaandika waliyoyasema. Ndiyo sababu sheria ikaacha mlango wazi kwa historia.

Kwa hiyo atakayefuta asifute peke yake gizani. Tangu 1965 nchi yetu ina Sheria ya Nyaraka za Kitaifa, ambayo yakataza kumbukumbu za umma kuharibiwa kiholela bila idhini ya mkurugenzi wa idara hiyo. Uharibifu wa karatasi za shule nao uwe na shahidi, tarehe na sahihi. Kinachofutwa ni habari za mtu. Habari kwamba zilifutwa, na nani, na kwa sababu gani, hizo zibaki.

Sasa tufanyeje katika shule zetu? Napendekeza kila mwalimu mkuu, pamoja na bodi yake, agawe kabati katika rafu tatu.

Rafu ya kwanza ni ya karatasi zisizokufa. Humo ziwekwe rejista za uandikishaji, orodha za matokeo ya mitihani ya taifa, kumbukumbu za utumishi wa walimu, hati za ardhi ya shule na kumbukumbu za mikutano ya bodi. Hizi ziwe na nakala, moja shuleni na nyingine mahali pengine, kwa maana nakala mbili katika chumba kimoja ni nakala moja machoni pa moto. Tumeona mabweni yakiteketea katika eneo hili, yakiwemo ya Itierio mnamo 2016. Ofisi haina kinga ambayo bweni halina. Umuhimu wa hati za ardhi na mipaka wala hauhitaji kuelezwa mbele ya watu ambao kaunti zao mbili, Kisii na Nyamira, zimezozana juu ya mji wa Keroka tangu ugatuzi uanze.

Rafu ya pili ni ya karatasi zenye umri uliopimwa. Stakabadhi za karo na mikataba ya wauzaji wa chakula ni mfano. Sheria ya kodi yataka kumbukumbu za hesabu zitunzwe kwa miaka mitano, na dai la mkataba laweza kupelekwa mahakamani hadi miaka sita ipite. Basi shule ikihifadhi stakabadhi kwa miaka saba hivi, ukaguzi ukiwa umekamilika, imetenda haki. Baada ya hapo zimekuwa mzigo.

Rafu ya tatu ndiyo ngumu, kwani ni ya karatasi zinazouma: barua za kusimamishwa masomo, maelezo ya mshauri wa wanafunzi, ripoti za ujauzito, maelezo ya maradhi, nakala za vitambulisho vya wazazi, na picha. Hizi zisiwekwe na kila mtu, zisomwe na wachache mno, na zikae kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo. Msichana aliyejifungua akarudi shuleni na kufaulu hana haja ya kuwa na barua inayomngojea stoo miaka ishirini baadaye. Mvulana aliyepigana katika kidato cha pili, akaadhibiwa na kutubu, amekwisha kulipa. Kama shule inamaliza adhabu lakini inaitunza karatasi yake, adhabu hiyo haijamalizika.

Papo hapo niseme kuhusu cheti kinachozuiliwa kwa ajili ya deni la karo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 yakataza mtu au taasisi yoyote kumnyima mtahiniwa cheti chake. Deni ni la kudaiwa kwa njia za madeni. Cheti si cha shule kukihifadhi hata kwa siku moja baada ya mwenyewe kukijia.

Bila shaka kuna atakayeniuliza: je, mwalimu aliyemdhulumu mtoto kimapenzi naye asahauliwe? Abadani. Tume ya Huduma za Walimu hufuta majina ya walimu wa aina hiyo katika sajili na kuyatangaza, na kumbukumbu hizo hazina budi kudumu. Hapa kipimo changu hakijabadilika. Barua ya utundu wa mtoto ikitunzwa, humdhuru mtoto na haimlindi yeyote. Rekodi ya mtu mzima aliyevunja amana ikitunzwa, huwalinda watoto wa shule ambayo angehamia kesho.

Wengine watalalamika kwamba walimu tayari wamelemewa na mtaala mpya, na kwamba hakuna fedha za kuajiri mtunza kumbukumbu. Lalamiko hilo ni la haki. Lakini kupanga rafu tatu hakuhitaji kompyuta wala semina ya hotelini. Kwahitaji siku mbili za likizo, karani mmoja na mjumbe wa bodi anayeheshimika. Na iwapo wizara yataka kila habari ya mtoto iingizwe katika mitambo yake, ni wajibu wake kuziambia shule, kwa maandishi, habari hizo zitatoka lini.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba haya ni ya wakubwa peke yao. Ulizeni shule zenu zina nini juu yenu. Sheria yawapa haki hiyo, ninyi na wazazi wenu. Na kabla ya kutuma picha ya mwenzenu aliyeaibika katika kundi la WhatsApp, kumbukeni kwamba ninyi pia mmekuwa wenye kabati, na kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Mzee anayepiga hodi kutafuta rejista ya mwaka aliosoma na kijana anayeomba barua yake ya kusimamishwa masomo iharibiwe wanadai haki moja. Kila mmoja ataka kilichoandikwa juu yake kimtumikie, kisimtawale. Mwalimu mkuu aliye tayari aweza kumjibu kila mmoja siku hiyohiyo: yule wa kwanza kwa kumfungulia kitabu, na wa pili kwa kumwonyesha sahihi ya siku barua yake ilipoteketezwa.